Mwendo wa Marehemu

Kazi ya mtani msibani ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mimi, Rehani, Msambaa wa Kilole, nimewazika Wazigua wengi wa Mazingara kwa kicheko. Sikujua utani huo ungenisimamisha mbele ya madaktari.

Mtani wangu Mustapha alikuwa amelazwa Korogwe, amebaki mifupa. Alikuwa ametibiwa vipandevipande: huku ganzi ya miguu, kule kuhara, kwingine moyo. Kila mahali alipewa dawa yake, na kila akisimama anaanguka. Bahati nzuri, madaktari bingwa walikuwa wamepiga kambi hospitalini, na leo walikuwa wanaondoka. Wa moyo, wa neva na wa tumbo wakakizunguka kitanda kimoja.

"Huenda yote haya ni ugonjwa mmoja," alisema Daktari Castory, wa moyo. "Unaitwa amiloidosisi. Protini mbovu inajazana kwenye neva, tumbo na moyo. Upo wa kurithi. Kama ndio huu, dawa ya moyo anayomeza inaweza kumuua, na itabidi tuondoke naye kwa vipimo. Lakini garini nafasi ni moja, na wanaoihitaji ni wengi. Je, kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

Mzee Hussein, baba mdogo wa Mustapha, hakupepesa macho. "Hakuna. Ukoo wetu ni wazima."

Nilimtazama Chausiku, mke wa Mustapha. Aliinamisha kichwa, hawezi kumkanusha mkwe wake mbele za watu. Sababu ya uongo huo tuliijua sote. Binti yao Hafsa ameposwa, na nani ataoa kwenye ukoo unaokufa miguu? Yaani mzee yuko tayari kumzika mtoto ili amwoze mjukuu!

Daktari alimgeukia muuguzi. "Basi mwiteni mgonjwa wa pili."

Nikasimama. "Shikamoo, mzee Hussein. Mimi mtani wako, huruhusiwi kunikasirikia."

Nikatembea. Nilinyanyua goti juu, nikautupa mguu mbele, unyayo ukapiga sakafu pwaa. "Huyu marehemu kaka yako, baba yake Mustapha." Nikageuka, nikaburuta mguu wa kulia, nikashika ukuta, nikayumba. "Na huyu marehemu dada yenu, Ikram."

Hakuna aliyecheka. Daktari wa neva, mama mmoja mkimya, alisogea karibu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Siyo hivyo!" Mzee Hussein alifoka. "Dada aliburuta mguu wa kushoto! Wala hakushika ukuta, alinishika mimi!"

Mzee alisikia mwenyewe alichosema, uso ukamwanguka. Chausiku akaanza kulia. Daktari Castory alimwambia muuguzi aisimamishe ile dawa na amwandae Mustapha kwa safari.

Mzee Hussein aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu taratibu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama kwenye unyayo, damu imekaukia pembeni. Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine.

"Mtani," aliniuliza kwa sauti ndogo, "na mwendo wangu umeshauona?"

Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi, aliposhuka kwenye bajaji. Nilipiga magoti, nikamchomoa ule mwiba. Hakushtuka.