Ni Jina la Mbwa Tu

Mbwa hana kosa. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nilikuwa na ugomvi na mnyama. Hasira zangu zilikuwa kwa wifi yangu Raheli aliyempa jina, na kwa mume wangu Nathanaeli aliyelisikia jina hilo kila siku akanyamaza.

Jina lenyewe lilikuwa Hazai.

Kwetu Ugogoni mbwa huweza kupewa jina lenye ujumbe. Umegombana na jirani, humtukani. Unamwita mbwa wako Wanafiki, halafu jioni unasimama uani na kumwita kwa sauti aje ale. Jirani akikasirika amejishtaki mwenyewe. Raheli alipotoka Mpwapwa kuja kukaa kwetu Area D, hapa Dodoma, kwenye vyumba vya uani, alikuja na binti yake, na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Nikamuuliza anaitwaje. Alinitazama tumbo kwanza, kisha uso.

"Hazai, wifi."

"Jina gani hilo?"

"Si dume huyu? Umeona wapi dume likazaa?" Akacheka mpaka akashika mlango.

Basi ikawa asubuhi Hazai, jioni Hazai. Hazai njoo ule. Hazai ondoka hapo, unajaza nafasi bure. Huyu Hazai anakula tu, faida yake siioni. Majirani waliokuwa wakipita walianza kutazama chini, na hilo liliniuma kuliko hata kama wangecheka.

Mimi ni mwokaji. Nilianza na keki za harusi na za ubatizo. Watumishi wa serikali walipohamia Dodoma na mbwa wao wakubwa wa kizungu, mama mmoja akaniuliza kama naweza kumwokea mbwa wake biskuti. Nilidhani ananitania. Siku hizi naoka za mbwa na paka kuliko za binadamu. Wateja wananiita Mama Biskuti, maana mwanamke wa umri wangu lazima awe mama wa kitu, na hawakupata kingine cha kuniitia.

Biskuti za mbwa nazitengeneza kwa unga wa mtama, boga lililopondwa, yai, na maini niliyoyachemsha nikayasaga. Za paka natia dagaa waliotwangwa, nazikata ndogo kama punje za mbaazi. Chumvi sitii. Kitunguu hakikaribii hata meza, kwa sababu kinawadhuru. Naziacha ndani ya oveni kwa moto mdogo mpaka zikauke kabisa, ukivunja moja ilie. Ni kazi ya mikono na subira, na naipenda.

Siku moja Munira, jirani yetu mwenyeji wa Kondoa, alikuja kuchukua biskuti za paka wake. Raheli alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni kwangu anachambua mchicha.

"Wenzio wanawapikia watoto wao," aliniambia, sauti yake imepanda kidogo ili mgeni asikose neno. "Wewe unawapikia mbwa. Haya, kila mtu na riziki yake."

Munira alifunika bakuli lake. "Wifi yako ana mdomo," alininong'oneza, akaondoka haraka. Nilibaki nimeshika trei iliyotoka motoni kwa tambara jembamba, na vidole vilianza kuungua ndipo nikakumbuka kuiweka chini.

Sasa nieleze kwa nini nilikuwa na haki ya kukasirika, maana wapo watakaosema nivumilie, mvumilivu hula mbivu. Mimi na Nathanaeli tulishakwenda kupima. Tulipimwa wote wawili. Daktari alituita tukakaa mbele yake, akasema bila kuzunguka kwamba mimi sina tatizo lolote, tatizo liko kwa mume. Tukiwa njiani kurudi, Nathanaeli aliniomba jambo hilo libaki kati yetu. Alikuwa analia. Nilimpenda, nikamwahidi sitalitamka. Sikujua kwamba nimeahidi kusimama uani kwangu nikitukanwa kwa jina la mbwa, na yeye amekaa barazani anakunywa chai.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa upole, kisha nikamwambia kwa ukali. Jibu lilikuwa lile lile.

"Ni jina la mbwa tu, Priska. Ukilikasirikia utakuwa umelikubali."

Nikaacha kusema. Nikaanza kuoka.

Raheli alikuwa na kibanda cha mboga sokoni, akitoka asubuhi harudi mpaka alasiri. Akishaondoka nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na biskuti za maini mkononi, nikamwita yule mbwa kwa jina nililomchagulia siku natwanga dagaa, kila mchi ukishuka na silabi yake. Kamuulize. Akija, anapata. Akikaa, anapata nyingine. Mbwa yule hakuwahi kuitwa kwa jambo jema. Raheli alimwita ili sisi tusikie, akishafika alirushiwa makoko ya ugali au alifukuzwa na ufagio. Haikuchukua muda akajua tofauti. Nikinong'ona tu Kamuulize, anaruka kutoka kivulini na masikio yamelala nyuma. Lakini nilinong'ona. Kulisema kwa sauti kulikuwa sawa na kuvunja ahadi, na mimi si mtu wa kuvunja ahadi ovyo.

Ikafika Jumapili ya kipaimara cha binti wa Raheli. Ndugu walikuja kutoka Mpwapwa na Bahi, uani pakajaa viti. Asubuhi yake, Nathanaeli akivaa shati, nilimpa nafasi ya mwisho.

"Leo kuna wageni. Mwambie dada yako asimwite yule mbwa mbele ya watu."

"Usianze, Priska. Leo ni siku ya mtoto."

Sikuanza. Nilipika pilau, nikagawa soda, nikampa shikamoo kila aliyestahili. Nikaweka pia trei ya biskuti ndani ya oveni, kwa sababu oda ya Jumatatu haijui kipaimara. Mbwa alikuwa amelala nje ya mlango wa jikoni, ananusa.

Watu waliposhiba, Raheli alisimama katikati ya uwanja. Alimtazama shangazi yao mkubwa kutoka Bahi, akanitazama mimi, akavuta pumzi.

"Hazai! Hazai, njoo usalimie wageni!"

Mabinti wawili wakaziba midomo kwa khanga. Mbwa aliinua sikio moja, akalishusha.

"Hazai! Wewe, si nakuita?"

Mbwa akafumba macho. Raheli akaita tena, sasa kwa hasira, na watu wakacheka, safari hii wakimcheka yeye. Nilimtazama Nathanaeli. Alikuwa na kikombe chake, anakitazama ndani kana kwamba kimeandikwa kitu. Hapo nikajua kwamba ahadi ile nimeibeba peke yangu vya kutosha.

"Kamuulize," nikaita. Sikupiga kelele. "Kamuulize, njoo."

Mbwa aliruka, akaja mbio, akakaa miguuni pangu. Shangazi, ambaye hana hila, akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Jina zuri hilo, mwanangu. Tukamuulize nani?"

"Ni jina la mbwa tu, shangazi," nikasema. Nikamtazama mume wangu, sikuondoa macho. Mmoja mmoja, wote wakafuata macho yangu mpaka barazani.

Nathanaeli aliweka kikombe chini. Kilikosa meza, kikaanguka, chai ikamwagikia kiatu chake. Nilidhani atainuka aingie ndani.

"Ni mimi, Raheli," alisema. "Tulipima. Daktari alisema ni mimi. Priska hana tatizo, hajawahi kuwa nalo."

Raheli alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kilikuwa cha mtu mwingine. Shangazi alisema neno kwa Kigogo, polepole, akajifunika uso kwa upande wa khanga.

Nilitegemea hasira zangu zitashuka. Hazikushuka. Mbwa alijifunza jina jipya kwa biskuti chache, na huyu mwanamume ilibidi nimfuate na uwanja mzima wa watu ndipo anisafishie jina langu.

Kamuulize alikuwa bado amekaa, mkia unafagia vumbi, anangoja. Kwangu akiitwa akaja, hupewa. Nikampa biskuti mbili. Nathanaeli alishuka barazani akaninyooshea mkono. Nikampita, nikaingia jikoni kutoa trei kabla haijaungua.