Mama Hajambo, Miguu Tu

Loredana alimzika mama yake Jumatano, na Jumamosi akapanda ndege na mumewe na watoto wao wawili kwenda mapumzikoni Palermo, kusini mwa Italia. Tiketi zilikatwa tangu majira ya baridi, wakati bibi wa watoto bado anakaanga samaki wake mwenyewe kule kwao Ferrara, kaskazini, na kufukuza kila aliyesogelea jiko. Bruno, mumewe, alikuwa radhi safari iahirishwe. Loredana ndiye aliyesema, "Twendeni tu," kwa sauti ya mtu anayeulizwa chai au kahawa na wala hana kiu.

Kaka yake, Ivano, hakulimeza hilo. "Udongo haujakauka," alimwambia mlangoni pa kanisa mbele za watu, "wewe unakwenda kuogelea!" Loredana aliutazama mdomo wake ukichezacheza, akangoja uchungu uje. Haukuja. Kifuani palikuwa patupu kama chumba kilichohamwa.

Basi wakafika. Joto la Agosti liliwapiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Wakatua mizigo kwenye nyumba waliyopanga karibu na soko la Ballarò, wakashuka kutafuta chakula. Bruno alimshika mkewe kiwiko kama aliyebeba yai. Elia, kijana wa miaka kumi na minne, na mdogo wake Bice, wa miaka saba, walikuwa watu wa kugombana asubuhi mpaka jioni. Siku hiyo waligombana kwa kunong'ona.

"Umenikanyaga makusudi."

"Nyamaza, Mama atasikia."

Mama alisikia. Sauti zao zilimfikia kama za watoto wa jirani.

Sokoni, muuza mikate ya bandama alimwona Elia anavyotazama karai la mafuta. "Wewe kijana wa kaskazini! Mbona umekunja uso kama umepewa dawa ya minyoo?"

"Hiyo ni nini?" Elia akauliza.

"Bandama ya ndama. Moto moto!"

"Ndama gani?" akadakia Bice.

"Yule aliyekuwa na maswali mengi."

Watu wakaangua kicheko. Bruno naye akacheka, kisha akamtupia mkewe jicho na kuacha kucheka. Akanunua mikate minne. Loredana alitafuna. Alijua ni ya moto kwa sababu ulimi ulimuuma, ladha hakuiona.

Walipokuwa wakisukumana katikati ya soko, mkokoteni wa samaki ulipita ukipigiwa kelele, umati ukagawanyika, naye akabaki upande wake peke yake. Aliliona shati la Bruno likienda mbele. Angeweza kuita. Hakuita. Pembeni palikuwa na kichochoro chenye kivuli, akaingia.

Kizee mmoja alikuwa amekaa mlangoni kwake, bakuli mapajani, akitoa maharage mabichi kwenye maganda. Alimtazama Loredana juu mpaka chini, akasukuma kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa, mwanangu, kabla hujaanguka. Mimi sina nguvu za kuokota mtu."

Loredana akakaa.

"Wewe si wa huku."

"Natoka Ferrara, mama."

"Kule kaskazini kwenye ukungu! Maskini." Kizee akamrushia fungu la maharage mapajani, kana kwamba walikubaliana tangu jana. "Mimi Nunziata. Haya, fanya kazi, kiti changu hakikaliwi bure. Mama yako yupo?"

Loredana alifungua mdomo aseme lililo kweli.

"Yupo," akasema.

"Hajambo?"

"Hajambo. Miguu tu inamsumbua. Inavimba."

"Ah, miguu! Usiniambie miguu. Na ni mkali?"

"Mkali haswa. Mume wangu akikata jibini vibaya, anamnyang'anya kisu."

"Anafanya la maana. Mbona hamkuja naye?"

"Hapandi ndege. Anasema hawezi kupanda kitu ambacho huwezi kumwambia dereva asimame ushuke."

Bi Nunziata alicheka mpaka bakuli likatikisika. Akauliza zaidi, naye Loredana akajibu zaidi: mama anaamka mapema, anagombana na redio, anaficha biskuti ili wajukuu wazitafute. Hakuona kama anadanganya. Hakuona kitu. Vidole vilipasua maganda, maharage yakaanguka, maneno yakatoka.

Ndipo Bruno akatokea mwanzo wa kichochoro, jasho linamtiririka, watoto nyuma yake.

"Lore! Tumekutafuta soko zima!"

"Usimkaripie," Bi Nunziata akamkata. "Wewe ndiye unayeharibu jibini?"

Bruno akafuta jasho la usoni.

"Sasa nisikilize. Mama mkwe wako, mwambieni aloweke miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, kila jioni. Akilala aiweke juu ya mto. Na aache kusimama jikoni kutwa nzima."

"Lakini bibi yetu—" Bice akaanza. Elia akamshika bega.

Bruno alimwangalia mkewe. Mkewe aliangalia maharage.

"Nitamwambia, mama," Bruno akasema taratibu. "Ila yule hasikii la mtu."

"Sote tuko hivyo. Mwambie ni Nunziata kasema."

Wakaaga, wakaondoka. Bruno hakuuliza neno. Hata kiwiko hakukishika tena. Alitembea tu karibu yake. Aliyeshindwa kuvumilia ni Bice.

"Mama, kwa nini umemdanganya yule bibi?"

"Sijui, mwanangu. Ameniuliza kama hajambo, nikajibu kama ninavyojibu siku zote."

Bice akauliza, "Na mimi wakiniuliza shuleni, niseme nini?"

Loredana akasimama. Siku nzima watu walikuwa wamesema naye kama kupitia ukuta. Swali hili lilipenya.

"Wewe sema kweli," akasema. "Sema bibi amekufa."

Neno hilo hakuwahi kulitamka. Ndugu walipigiwa simu na Ivano, daktari alizungumza na Bruno, padri akasema lake. Sasa lilikuwa limetoka kinywani mwake, mtaani, mchana kweupe, na pikipiki zikaendelea kupita. Akakaa kwenye ngazi za kanisa lililokuwa jirani, nao wakakaa naye, Elia akimpa chupa ya maji yaliyokwisha kupata moto. Aliyanywa yote.

"Twende baharini, au nyumbani?" Bruno akauliza.

"Nyumbani. Nina usingizi."

Hakulia, hata hapo. Walipofika alijitupa kitandani na gauni lake, dirisha wazi, na Bice akakaa pembeni yake akimpepea kwa ramani ya jiji mpaka mama yake akalala.