Saa Moja Kwenye Simu ya Wateja

Mwekezaji alikuwa na desturi iliyowachekesha wenzake: kabla ya kutia saini ya kuipa kampuni fedha, alikaa saa nzima akipokea simu za wateja wake. Takwimu, alisema, huoga na kujipaka mafuta kabla ya kumlaki mgeni. Mteja huja na tope lake.

Asubuhi hiyo aliketi katika sebule iliyogeuzwa ofisi, mkataba ukiwa mkobani. Mwanzilishi, kijana mwepesi wa kujibu swali kabla halijaisha, alikwisha kumwambia mara tatu kwamba programu yake ndiyo iliyowachagulia watu mafundi wa bomba, umeme na paa. "Hakuna mkono wa mtu." Bila fedha za mwekezaji ofisi ingefungwa mwisho wa mwezi, wala hilo hakulificha.

Simu iliita.

"Nipe Shangazi," ilisema sauti ya mzee.

"Shangazi gani?"

"Kwani wako wangapi? Mwambie fundi wa juzi ni hodari, ila anaongea kama redio. Leo aniletee bubu."

Simu ya pili, Shangazi. Ya tatu, vilevile. Mwekezaji akamtazama kijana. Kijana akautazama mlango wa jikoni.

Humo, juu ya kreti iliyopinduliwa, aliketi mwanamke mwenye daftari lililochakaa pembe.

"Karibu, mwanangu. Ngoja nimalize. Fundi huyu ana kizunguzungu, simpandishi paani. Huyu mkewe kajifungua jana, tumwache."

"Programu hupendekeza," kijana alisema kwa sauti ndogo.

"Halafu?"

"Halafu Shangazi anakataa."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Si kila siku," Shangazi alisema. "Jumapili napumzika."

Kijana hakucheka. "Niliogopa. Mngesikia kuna mtu, mngeondoka."

Neno hilo lilimchoma mwekezaji, kwa kuwa lilikuwa kweli. Siku ya kwanza kabisa ni yeye aliyeuliza, kalamu mkononi, iwapo kazi yaweza kwenda bila watu. Kijana aliificha hazina yake kama mtu afichavyo kiraka, na yeye ndiye aliyemfundisha kuona kiraka.

"Umenidanganya," alisema hatimaye. "Hilo halitafutika leo, na leo sisaini." Aliutoa mkataba, akauweka mezani. "Lakini humu mkatabani kuna mwanzilishi mmoja, nami nimewaona wawili. Uandike upya, na hisa za Shangazi ziwemo. Kisha nipigie."

"Mniache na makaratasi yenu," Shangazi alisema. "Kuna bomba limepasuka huko."

 Kijana akaibeba kreti hadi sebuleni, akamwachia Shangazi kiti chake, naye akakaa kwenye kreti, chini yake kidogo, magoti yakimgusa kidevu. Akafungua ukurasa wa majina katika mkataba. Kalamu ikasita.

"Shangazi," alisema, masikio yakimwaka, "jina lako la kwenye kitambulisho ni nani?"