Kitufe Chenye Umbo la Soli

Sanduku langu la barua pepe za majaribio lilijaa siku ya Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi. Lingechelewa kujaa siku moja tu, nisingejua kitu mpaka leo.

Nieleze kwanza sanduku hilo ni la nini. Mimi natengeneza tovuti. Kila tovuti ina mahali pa mteja kuandika ujumbe, na chini yake kitufe cha kuutuma. Wakati bado naijenga siwezi kumjazia mwenye tovuti upuuzi wangu, kwa hiyo naweka anwani yangu ya majaribio na barua zote zinakuja kwangu. Nikiona idadi imeongezeka inanitosha, sizifungui. Nikimaliza, kabla ya kuifungua kwa watu, natoa anwani yangu naweka yake. Ni kazi ya nusu dakika. Ipo namba tisa kwenye orodha ya ukaguzi iliyobandikwa ukutani ofisini kwetu. Orodha hiyo nimeiandika mimi, na wafanyakazi wapya nawakaririsha mimi, kwa ukali.

Saa nne tulikuwa na kikao na mteja mkubwa. Nikasema nisafishe sanduku haraka nisije nikasumbuliwa na maonyo katikati ya kikao. Ndani mlikuwa na takataka zangu za siku zote: "jaribio", "jaribio la pili", "aaaa", "haya tena". Nikachagua zote. Kidole kilikuwa tayari juu ya neno Futa nilipoona barua moja inaanza hivi: "Mwanangu ana miaka minne, mguu wa kushoto umepungua kama sentimita mbili."

Sijawahi kuandika jaribio la namna hiyo. Nikaifungua. Nikafungua na iliyofuata, na iliyofuata. Zilikuwa barua arobaini na tatu, za miezi minane, na zote zilitoka kwenye tovuti ya Mjomba.

Mjomba wangu anashona viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Alianza na mama yangu, dada yake, aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi na akawa anachekwa akienda shule. Mjomba alikuwa na miaka kumi na sita. Akaingia kwa fundi viatu, akafagia mabaki ya ngozi mwaka mzima, akatoka na jozi moja ya viatu vyeusi, soli ya kushoto nene kuliko ya kulia, na Mama akavivaa mpaka vikambana. Tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Mteja mpya akifika, Mjomba humwambia atembee peku kutoka mlangoni mpaka dirishani, na yeye hufumba macho akasikiliza sakafu ya mbao. Kisha anataja sentimita. Utepe wa kupimia anauchukua baadaye, kwa adabu tu, maana utepe haujawahi kumkosoa kwa zaidi ya nusu sentimita.

Tovuti yake nilimtengenezea kama zawadi. Kitufe peke yake kilinichukua siku mbili. Nilikipa umbo la soli, na rangi nikaichukua kwenye kipande cha ngozi nilichookota chini ya meza yake, nikahangaika na kahawia sita tofauti mpaka wenzangu wakanibandika jina la Milimita. Ukikibonyeza kinadidimia kidogo, kama kiatu kinapokanyaga. Halafu yanatokea maneno: "Asante. Mjomba ameupata ujumbe wako. Atakujibu mwenyewe." Maneno hayo niliyatunga mimi na nikayapenda. Kitufe hicho ndicho kilichonipandisha cheo, Bosi alikiona akaniita siku hiyo hiyo. Namba tisa sikuifanya. Nilikuwa nashughulikia kahawia.

Kwa hiyo watu wote hao walibonyeza, wakashukuriwa, wakakaa kusubiri. Mama wa yule mtoto wa miaka minne aliandika mara tatu. Mara ya kwanza alituma picha ya unyayo aliouchora kwenye karatasi kwa kalamu ya rangi. Mara ya pili aliuliza kwa upole kama fundi anaumwa. Mara ya tatu aliandika: "Ulisema umepata ujumbe wangu. Basi. Tumemwekea kipande cha kandambili ndani ya kiatu. Siku njema."

Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jumapili Mama alikuwa ameniambia kwamba Mjomba anafunga karakana, na Alhamisi saa tano kuna mtu anakuja kuchukua cherehani. "Anasema kichwa hakimkai tena," Mama alisema. "Nimemuuliza kama anaumwa, anasema haumwi." Mimi nikajibu kwamba watu siku hizi wanapenda viatu vya dukani, ndiyo maana wateja wamepungua. Nilisema kama mtaalamu. Nikikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani kujizaba kofi.

Nikampigia Mjomba. Simu iliita mpaka ikachoka. Akiwa kazini huiweka kwenye droo pamoja na misumari. Nikapiga tena, mara tano. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Nikachapisha barua zote, na ile printa yetu kongwe ikazitema moja moja kana kwamba inalipwa kwa saa. Bosi akapita na kikombe chake.

"Milimita, tunaanza na tovuti ya mjomba wako. Kile kitufe kiwe cha kwanza."

"Bosi, naomba usikionyeshe. Hakifanyi kazi."

"Kinafanya. Jana nimekibonyeza mwenyewe, kikanishukuru."

"Kinashukuru tu. Ujumbe haufiki kwake." Nilihisi macho ya ofisi nzima kwenye kisogo changu. "Haujawahi kufika. Nilisahau namba tisa. Inabidi niende sasa hivi."

Bosi akaiangalia orodha ukutani, kisha akaniangalia mimi. "Kikao ni saa nne," akasema taratibu. "Ukitoka, huyu mteja anakuwa wa mwenzako. Sisemi kwa ubaya."

Nilitoka. Nisijisifu, miguu ilitoka kabla yangu. Huko nyuma nikasikia printa inamalizia ukurasa wa mwisho na ikabidi nirudi kuuchukua, mbele ya wote, bila kumtazama mtu.

Kwenye teksi nikaanza kupanga la kusema. Kusema kweli, nilipanga uongo. Ulikuwa uongo mzuri, umekamilika, hata kazi haukutaka: kulikuwa na hitilafu ya mtandao. Nani hajawahi kuambiwa hivyo? Mtandao unatupiwa kila lawama na hauna mdomo wa kujitetea. Ningesema zilikwama mahali, zimefunguka leo, Mjomba angefurahi, cherehani ingebaki, na mimi ningebaki yule yule mpwa anayesifiwa kwa majirani. Nilirudia sentensi hiyo kimya kimya mpaka ikalainika mdomoni. Magari yakasimama. Saa nne na dakika ishirini. Ili nisiiangalie saa, nikazisoma barua ambazo sikuwa nimezimaliza.

Ya ishirini na sita ilikuwa fupi. "Najaribu. Ni mimi mwenye duka. Kama imefika nitaiona."

Ya ishirini na saba, siku mbili baadaye: "Najaribu tena. Imesema asante lakini sioni kitu. Labda nimebonyeza vibaya."

Yake ya tatu ilikuwa ya mwezi uliopita. "Hii ni ya mwisho. Nimefuata kila hatua aliyonionyesha mpwa wangu. Tovuti yake ni nzuri, kila mtu anaisifu, kwa hiyo kosa ni langu. Nadhani akili imeanza kunitoka. Kama kitufe kimoja kinanishinda, sina haki ya kushika mguu wa mtoto wa mtu."

Nilipomaliza kuisoma nililia, tena kwa sauti. Dereva akanitazama kwenye kioo, akaongeza sauti ya redio, nadhani kwa huruma. Kumbe wateja walikuwa nusu tu ya habari. Mzee alikuwa anafunga karakana kwa sababu ameacha kujiamini, na kilichomfanya aache kujiamini nilikitengeneza mimi, kwa siku mbili, kwa kahawia sita.

Nilifika saa tano na dakika saba. Mlango ulikuwa wazi na gari dogo la mizigo limesimama nje. Mnunuzi, bwana mmoja mnene mwenye bisibisi, alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya cherehani. Skrubu tatu zilikuwa zimeshatoka, zimepangwa kwenye kifuniko cha kopo la gundi. Ya nne ilikuwa imeng'ang'ania. Kalibu za mbao, zile zenye umbo la miguu ya wateja anazoshonea viatu, zilikuwa tayari ndani ya gunia. Mjomba alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hukwenda kazini?"

"Nilikwenda. Mjomba, mtandao..." nikaanza, na ile sentensi iliyolainika ikaja yote mpaka kwenye meno. Nikaimeza. "Si mtandao. Ni mimi. Watu wamekuandikia miezi minane. Barua zote zilikuwa zinakuja kwangu, kwenye sanduku ambalo silifungui. Nilisahau kubadilisha anwani. Zipo hapa."

Nikamwekea karatasi mapajani. Mnunuzi aliacha kuzungusha bisibisi. Mjomba hakuzigusa karatasi. Alizitazama tu.

"Na zangu zilifika?" akauliza.

"Zilifika, Mjomba."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

Akavuta pumzi, akaitoa polepole sana. "Kumbe nilibonyeza sawasawa," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, hata kufukuzwa, na hayo ningeyabeba. Hili lilinikata maini. Nikasimama palepale mlangoni, sijui mikono niiweke wapi, huku yeye akivaa miwani na kuanza kusoma. Alisoma kama anavyochagua ngozi, ukurasa mmoja mmoja, akiupeleka kwenye mwanga wa dirisha. Alipofika kwenye ule unyayo wa kalamu ya rangi, alipima kwa vidole.

"Hii ni ya lini?"

"Miezi saba iliyopita."

"Basi mguu huu haupo tena," akasema. "Umeshakua."

Mnunuzi akakohoa. "Mzee, samahani, gari la watu nimelikodi kwa saa."

"Nisubiri kidogo, ndugu yangu." Mjomba akafungua droo, akachakura kwenye misumari, akatoa simu yake na kunipa. "Namba ya huyu mama ipo hapo chini. Mpigie. Weka spika. Na ueleze wewe mwenyewe, kama ulivyonieleza mimi."

Simu iliita mara nne. Niliomba isipokelewe, sioni aibu kukiri. Ikapokelewa. Nikasema mimi ni nani, nikasema nilichokisahau, na kwamba fundi hakuwahi kuona hata barua moja.

"Miezi saba," mama yule akasema. "Sisi tulidhani ametudharau."

"Kosa ni langu, mama."

"Mtoto ameanguka mara mbili na hicho kipande cha kandambili."

Mjomba akasogea na kigoda chake, akainamia simu. "Mama, ni mimi fundi. Samahani sana. Mtoto yupo?"

"Yupo chumbani."

"Sakafu yenu ni ya nini?"

"Saruji."

"Simu iweke chini sakafuni, halafu mwite aje. Asivae kitu miguuni."

Tukasikia simu ikiwekwa chini, na jina la mtoto likiitwa mbali. Mjomba akafumba macho. Mnunuzi, bado yuko magotini, akaacha hata kupumua kwa nguvu. Hatua zikaja, moja nzito moja nyepesi, moja nzito moja nyepesi, mpaka zikasimama. Mjomba alikuwa ameshika kigoda kwa nguvu kwa mikono yote miwili, na nikaona kwamba anaogopa kuliko mimi.

"Tatu," akasema. "Tatu kasoro kidogo."

Mama yule akaiokota simu. "Umejuaje?" akauliza. "Juzi nimempima na rula. Ni mbili nukta tisa."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Akachukua penseli sikioni na kuandika 2.9 pembeni ya ule unyayo, kwa mkono uliotulia kabisa. Akamwambia mama amlete mtoto kesho asubuhi. Kisha akamgeukia mnunuzi.

"Nisamehe kwa usumbufu, ndugu yangu. Hizo skrubu naomba uzirudishe."

Karatasi nyingine akanisogezea mimi, na simu juu yake.

"Haya," akasema. "Piga ya pili."