Mkono wa Kurudi Kundini

Betri zilikuwa zimelazwa juu ya bati, zikiota jua. Gregori ndiye aliyezipandisha asubuhi ile ya Jumapili kabla ya ibada. Redio ya Rogathe ikianza kukwaruza, yeye ndiye aliyezitoa betri na kuzianika, na redio ikasema tena siku kadhaa. Hata redio yenyewe aliinunua yeye, kwa ujira wake wa mwisho kule bondeni alikokuwa manamba wa mkonge, akampa Rogathe siku alipopanda mlima wa Gonja na sanduku la mbao begani, Tumainieli akimtangulia kumwonyesha njia.

"Mama, huyu ni rafiki yangu," Tumainieli alisema siku ile. "Tutakaa naye."

Wakakaa naye, miaka ikapita. Gregori alikuwa Muha wa Kasulu, Mkatoliki, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alilima tangawizi pamoja na Tumainieli, na watu walipoitwa kwenye kazi ya pamoja, msaragambo, kwenda kuzibua ndiva, bwawa lile la kugawana maji ya mashamba, yeye alikuwa ameshaingia kwenye tope la kiunoni wakati wenzake bado wanakunja suruali. Kijiji kilimpenda. Kijiji pia kilijua. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, na hakuna binti aliyewahi kuposwa kutoka nyumba ile. Mchungaji alijua akanyamaza, Mzee Asheri mwenyekiti wa kijiji alijua akanyamaza, na Tumainieli akaendelea kupiga tarumbeta kanisani kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kulipiga vile.

Aliyeshindwa kunyamaza ni mama mtu.

Usimwone mbaya upesi. Rogathe alimpenda mwanawe mpaka akaugua kwa hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya moto wa Jehanamu. Moto huo alihubiriwa kila Jumapili alasiri, humo humo ndani ya redio ya Gregori, kwa sauti ya Mwinjilisti Melkizedeki. Sauti ile, jamani! Nzito, yenye machozi kwa mbali, inakuita "mama yangu" hata ukadhani inakuona ulivyokaa. Majirani walijaa uani kuisikiliza. Ilipofika Sodoma, Rogathe aliinuka kwenda kutazama chungu cha makande ambacho hakikuhitaji kutazamwa.

Kwa hiyo iliposemwa kwamba Melkizedeki anapanda mlimani yeye mwenyewe kuhubiri, Rogathe aliona Mungu amemkumbuka. Mtumishi alifika na gari jeupe lenye vipaza sauti juu, na suti ya kijivu isiyoshika hata vumbi la njia ya Kihurio. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, lakini juu ya watumishi wa Mungu halikusema neno, na Melkizedeki alikuwa na nyumba za kupangisha Moshi, na mabasi, na miwani ya dhahabu. Watu wenye viraka magotini waliyatazama yote hayo wakasema amebarikiwa.

Jumamosi Rogathe alimfuata kwenye nyumba ya wageni ya usharika, akamkuta anakula kuku.

"Bwana asifiwe, baba mtumishi."

"Amina, mama yangu. Keti. Sema lililo moyoni."

Akasema. Chumba, kitanda, miaka. Alisema huku ameinamia kanga yake, na maneno mengine ilibidi ayarudie kwa sababu yalitoka kwa kunong'ona.

Uelewe alichokuwa anakitaka. Katika usharika ule, aliyeanguka hukaa benchi la nyuma, bila kushiriki meza ya Bwana, mpaka Jumapili anaposimama mbele. Huulizwa, hujibu, huombewa, kisha usharika mzima hupita mmoja mmoja kumpa mkono. Ndiko kurudi kundini. Ukishapewa mkono, basi, na atakayethubutu kulitaja kosa lako, benchi la nyuma linamngoja yeye. Rogathe aliijua desturi hiyo kwa mwili wake. Alisimama pale akiwa msichana, mimba ya Tumainieli imeshaonekana, akapewa mkono na watu waliokuwa wakimtemea mate wiki iliyotangulia. Toka siku ile hakuna aliyemkumbusha.

"Nataka asimame, atubu, apewe mkono, yaishe," alisema. "Mchungaji wetu anaona haya kumwambia. Wewe atakusikia."

Melkizedeki aliweka paja la kuku sahanini. "Mchungaji anajua?"

"Anajua, baba."

"Na kijiji?"

"Wote. Hakuna anayesema."

"Hakuna anayesema," alirudia taratibu, akaanza kufuta vidole. Mkutano wake wa Same ulikuwa umekwenda vibaya. Watu walilia sana, wakatoa kidogo. Mvua zilikuwa zimekataa, na mwenye njaa hatoi kwa furaha. Hutoa akiogopa. Huyu mama alikuwa amemletea hofu ya kijiji kizima, na wala hakumwomba.

"Yataisha, mama yangu," alisema. "Nenda kwa amani."

Rogathe alirudi nyumbani mwepesi. Akapika makande, akatia siagi aliyokuwa ameificha, akawapakulia vijana wote wawili bila kubagua, na Gregori akashukuru mara mbili.

Kesho yake baada ya ibada uwanja wa shule ulifurika. Matarumbeta yakapiga. Melkizedeki aliwaacha wamalize ubeti wa mwisho, akashika kipaza sauti.

"Huyo wa kulia abaki. Wengine kaeni."

Tumainieli alibaki. Alidhani anatakiwa apige tena, akapangusa mdomo wa tarumbeta kwa shati.

"Mnamjua huyu? Mnamjua! Na mwanamume anayelala naye mnamjua. Mmekula naye, mmechimba naye ndiva, mkafumba midomo, halafu mnauliza mvua iko wapi! Wala si mimi niliyeyavumbua haya. Mama yangu, simama wakuone."

Rogathe akasimama. Alijua kwamba sasa ndipo. Akapita katikati ya watu na mkono wa kulia ameshaunyoosha, awe wa kwanza kumpa mwanawe, na wengine wafuate. Tumainieli akautazama ule mkono.

"Mama, ni wewe uliyemwambia?"

"Nilitaka yaishe, mwanangu. Tubu tu, baba, wakupe mkono."

Melkizedeki akaushika mkono wa Rogathe, akaushusha polepole, kama unavyomzuia mtoto asiguse chungu cha moto. "Bado, mama yangu. Huyu hatubu leo." Kisha akawageukia watu. "Kila nyumba iliyonyamaza imeshiriki. Anayetaka kujitenga na uchafu huu alete sadaka hapa mbele, tumwone kwa macho!"

Angemwacha Tumainieli atubu, mambo yangekwisha asubuhi ile, na yakishakwisha nani angekimbilia nyumbani kufungua banda la kuku? Walikimbia. Wa kwanza alikuwa Mzee Asheri, aliyekunywa pombe ya dengelua na Gregori wiki ile ile, akikokota mbuzi. Mchungaji alivua saa ya mkononi huku anatazama viatu vyake. Koleta, jirani wa Rogathe, alileta kanga ambayo hajaivaa hata mara moja. Wakapanga mstari, wakapita mbele ya Tumainieli mmoja mmoja, kama wanavyopita kumpa mtu mkono, ila mikono ilikuwa imeshika kuku na mikungu ya ndizi, na wengi walipomfikia walitema mate. Melkizedeki alikuwa akilia. Alijua kulia vizuri sana.

Gregori naye alikuwa kwenye mstari, na kikapu cha tangawizi alichotoka nacho nyumbani. Alipofika mbele alikiweka chini, akaenda kusimama ubavuni mwa Tumainieli. Tangawizi ilipokelewa. Asheri, aliyeona mbuzi peke yake hatoshi, akatangaza kwamba mtu huyu hana ukoo hapa, ni mzururaji, na lori la kijiji linateremsha sadaka leo leo. Vijana wakamburuta. Mmoja alimpiga teke, wenzake wakaona kumbe inawezekana, wakampiga mpaka wakachoka, kisha wakamtupa juu ya magunia.

Kutoka juu ya lori, damu ikimchuruzika puani, Gregori alimtafuta Rogathe kwa macho mpaka akampata.

"Mama," aliita, "betri bado ziko juu ya bati. Usiache zikapata umande."

Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli, kwani Rogathe angepata la kumjibu.

Tumainieli aliweka tarumbeta juu ya meza ya mkutano, nalo likachukuliwa pamoja na sadaka. Akalifuata lori kwa miguu, katika vumbi lake, bila kumtazama mama yake.

Jioni Rogathe aliweka ngazi, akazitoa betri.

Jumapili zilizofuata majirani walikuja uani kama kawaida. Hakuna aliyemtaja Tumainieli. Walimsifu Rogathe tu. Mama wa imani, walimwita, na aliyekuwa na kigoda kizuri alimpisha. Wauza mchele wa Ndungu walikwisha kumwambia kwamba wanawe wako kule, wamepanga chumba karibu na majaruba, mrefu anachechemea. Waliposema "wanao" hakuwasahihisha. Lakini hakwenda. Alijiambia kwamba mtumishi aliahidi, na mtumishi hawezi kusema uongo.

Kisha Jumapili moja sauti ikasema: "Wapendwa, nina habari ya mama mmoja wa milima ya Upare."

"Sisi hao!" Koleta akapiga kigelegele. "Mama Tumaini, umetajwa redioni!"

"Mama huyu alimtoa mwanawe wa pekee," sauti ikaendelea, machozi yakiwa kwa mbali. "Na leo nawaambia, kijana yule ametubu. Nimempa mkono kwa mkono wangu huu. Anazunguka nami, ananipigia tarumbeta. Lisikieni, mguswe, mtoe kwa ajili ya vijana wengine."

Tarumbeta likalia. Uani watu wakasema haleluya. Koleta akamkumbatia Rogathe: "Umeona? Amesharudi kundini!"

Rogathe alisikiliza. Ule haukuwa upigaji wa mwanawe. Tumainieli alikuwa na kawaida ya kuivuta noti ya mwisho mpaka pumzi imwishie, na huyu aliikata kama mtu aliyemaliza kazi ya kibarua. Akapindua redio, akafungua mgongo wake, akazitoa betri wimbo ukiwa katikati.

"Ee! Mbona unazima?" Koleta alifoka. "Tunasikiliza sisi!"

"Si yangu," Rogathe alisema. "Ni ya Gregori."

Jina lile halikuwa limetajwa uani pale tangu siku ya lori. Akaifunga redio kwenye kanga, akajitwika, akashika njia ya bondeni.

Mlango wa chumba cha Ndungu ulikuwa na pazia la gunia. Gregori alikuwa kizingitini ananoa jembe, akainuka kwa kuegemea ukuta, mguu mmoja haukunyooka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamkabidhi mzigo. "Hazikupata umande."

"Ahsante."

"Tumaini yupo?"

Gregori alitazama pazia. "Yupo." Pazia halikutikisika. Akamletea kigoda. "Keti, mama, umetoka mbali."

"Sikai," Rogathe alisema. "Anayetaka kurudi kundini hakai."

Akasimama wima mbele ya pazia, miguu pamoja, kama alivyosimama akiwa msichana. Akalitaja jina lake. Akasema alichofanya, alimwambia nani, na wapi, na kwamba alikuwa mama wa mtu aliposema. Sauti ilimkatika, akaianza upya sentensi ile mpaka akaifikisha mwisho. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, akangoja.

Gregori, Mkatoliki, hakuijua desturi ya watu wa kule juu. Alidhani mama ana kiu. Akachota maji mtungini, akamletea kikombe, akakiweka karibu na vidole vyake. Rogathe hakukishika. Ndani kitanda kililia, mtu alipojigeuza upande wa ukutani.

Rogathe alibadilisha mguu wa kuegemea. Mkono akauacha pale pale.