Skrubu ya Mashoto

Tochi! Yaani katika maneno yote duniani, Wade Tackett akaona aseme tochi.

"Mkono wangu huo," alikuwa akimwambia mteja, ameegemea meza ya Darla Hruska bila hata kukaribishwa. "Kila kitu nimechonga mimi. Dada yetu hapa alinishikia tochi tu."

Darla alihisi masikio yanawaka. Jumapili hiyo ilikuwa siku ya gulio la mwisho wa msimu katika uwanja wa kupigana rangi, nje kidogo ya Dayton, na juu ya meza yake palikuwa na kitu kimoja tu: maka, chombo cha kufyatulia vidonge vya rangi. Hapo uwanjani ukitamka bunduki unatozwa dola moja kwenye kopo, kwa sababu chombo chenyewe hakiui mtu, kinamtia alama ya rangi basi. Na hii yake haikutoka dukani ilivyo. Alinunua ya kawaida, akaifumua yote ikabaki mifupa. Kwa majira mawili ya baridi, kila akitoka zamu yake ya kukereza chuma kiwandani, alikaa nayo: akachonga mtutu mpya, akaipunguza uzito, akakata kila skrubu kwa mkono wake. Mkono wa kushoto, maana Darla ni mashoto tangu kuzaliwa.

Wade je? Wade alikuwa kapteni wa timu yao. Alijua kupigwa picha na kushonesha TACKETT kifuani kwa herufi kubwa kama za bango.

"Tochi, Wade?" Darla akasema. "Tochi?"

Wade akamvuta kando. "Punguza moto, bwana. Nakuuzia. Ukisema umetengeneza wewe, hupati hata mia tano. Funga mdomo uchukue hela."

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Mteja, daktari wa meno wa Columbus aitwaye Stuart Feld, alikuwa ameshatoa pochi. "Kama ni ya Tackett, mia tisa natoa sasa hivi. Ila kapteni, uniandikie jina lako hapa ubavuni."

Dola mia tisa ndiyo bei ya mashine kuukuu ya kukereza aliyokuwa akiiuza mjane mmoja mtaani kwa Darla. Angeipata hiyo, angefungua karakana yake mwenyewe, aache kuwakerezea matajiri wa watu. Lakini mjane alishasema: kesho Jumatatu isipolipiwa, inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Basi Darla akanyamaza. Mungu amsamehe, alinyamaza, na kile kimya kikamkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Sheria ya uwanja ni kwamba maka haiuzwi mpaka ipimwe mwendo, isizidi futi mia mbili na themanini kwa sekunde. Wakaenda kwa mzee Otis, msimamizi, aliyekuwa na mashine ya kupimia. Feld akafyatua. Mia mbili tisini na nane.

"Haipiti," Otis akasema. "Jua limeipandisha gesi. Kapteni, si yako? Ishushe."

"Kazi ndogo," Wade akasema. Akachukua spana, akaizungusha skrubu kuelekea kushoto, kama afanyavyo kila mtu anayeshusha mwendo. Feld akafyatua tena.

Mia tatu kumi na moja.

"Umeshusha au umepandisha?" Otis akauliza.

Wade akacheka peke yake. Akazungusha tena kushoto, safari hii kwa nguvu. Mia tatu ishirini na sita. Watu wakaanza kusogea.

"Kapteni, unatupeleka mwezini!" mmoja akapiga kelele.

"Imeharibiwa!" Wade akasema, jasho linamtoka. "Si huyu hapa? Nilimwambia asiiguseguse!"

Hapo mfupa ukatoka. "Lete hiyo spana! Lete, nakwambia!" Darla akampokonya, akazungusha kulia, mara tatu, taratibu. "Fyatua, daktari."

Mia mbili sabini na tisa.

"Meno ya skrubu hii nimeyakata kinyume, kwa sababu mimi ni mashoto! Aliyeitengeneza anajua. Na huyo wa kushika tochi naye angejua, maana tochi inamulika!"

Watu waliangua kicheko, na Wade akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Feld akakohoa kidogo.

"Nimekuelewa, dada. Kazi nzuri kabisa. Ila sasa... maadamu si ya Tackett, tufanye mia tano?"

Darla akaichukua maka yake mikononi. Chuma kilikuwa kilekile, na namba ilikuwa bado inaonekana kwenye mashine.

"Haiuzwi."

"Basi mia sita."

"Hata ulete kliniki yako nzima na viti vyake! Haiuzwi, nimesema!"

Aliikumbuka mashine ya mjane, aliiona kabisa ikipakiwa kwenye lori la vyuma chakavu, na machozi yakamjia. Akayafuta kwa mgongo wa mkono, akavaa barakoa yake. Otis alikuwa akiita watu wa mchezo wa mwisho.

"Timu gani, Darla?"

"Yoyote ambayo Wade hayumo."

Haikuchukua dakika kumi. Wade alitokea kwenye miti mikono ikiwa juu, rangi ya njano inamchuruzika kifuani, vidonge vitatu mahali pamoja, juu ya zile herufi zake kubwa. Otis, aliyekuwa akiandika waliotolewa, alimtazama kifuani, akamtazama tena, kalamu hewani.

"Wewe nani, bwana?" akauliza. "Hapa hapasomeki."