Sura ya Kumi Imeruka Foleni

Muuguzi aligeuza ukurasa, damu ikamchemka. Kitabu cha maisha ya baba yake, mpima ardhi mstaafu aliyepofuka, kilikuwa kisomwe kesho mbele ya ukoo mzima. Sura ya kwanza, baba anazaliwa. Sawa. Inayofuata, anaoa mke wa pili! Mke wa kwanza, marehemu mama yake muuguzi, kasukumiwa huko nyuma kama ufagio.

"Nilijua tu," alisema.

Aliyechapa ni mdogo wake wa baba mmoja, mtoto wa huyo mke wa pili, ambaye nyumbani wote humwita Fundi kwa sababu ya kompyuta zake. Kila sura alikuwa ameiweka kwenye faili lake, kisha akayaunganisha. Hakuna mwingine aliyegusa. Muuguzi akampigia simu.

"Siku hizi mama yako ndiye wa kwanza?"

"Dada, unasema nini?"

"Usinizuge! Mmesubiri baba asione ndipo mumfute mama yangu."

"Basi kesho soma wewe, dada. Mimi siji." Fundi akakata simu.

Aende zake! Muuguzi aliketi kwenye kompyuta chumbani kwa baba, akafuata maelekezo ambayo Fundi mwenyewe aliwahi kumwandikia: amri ya *ls* huorodhesha mafaili, *cat* huyasoma kwa mfuatano huohuo, mshale *>* humwaga yote ndani ya faili moja. Akaandika *ls*. Yakajipanga: sura1, sura10, sura11, sura2.

Akakodoa macho. Mashine haikujua kumi ni nini. Iliona moja na sifuri, ikaitanguliza mbele ya mbili. Hata kustaafu kwa baba, sura ya kumi na moja, kulimtangulia mama yake wa sura ya pili. Hasira tu ndizo zilizomzuia kufika ukurasa huo. Aibu ikamjaa.

Akabadilisha majina, sura01, sura02, mpaka mwisho, akaunganisha upya. Mama akarudi mahali pake. Akampigia Fundi. Hakupokea.

"Tayari?" baba aliuliza kutoka kitandani.

"Tayari, baba."

"Sura ya pili usiisome wewe. Mwachie mdogo wako, aliniomba mwenyewe. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona: mama yako ndiye aliyemfundisha kusoma."

Muuguzi akapiga tena. Simu ilikuwa imezimwa.